Baba Mdogo, Adamu hakupewa kihamba

Shikamoo Baba Mdogo.

Najua utaisoma, maana binti yako hukusomea kwenye simu kila jioni ukishamaliza kukama. Ningekupigia, lakini tukipigiana tunaishia kuulizana mvua na bei ya kahawa, halafu unakata. Humu huwezi kunikata.

Lile la siku ya kuanua matanga halijanitoka. Wazee wamekaa, mimi nimeshasema langu: kihamba cha marehemu baba apewe dada, kwa sababu ndiye aliyerudi, ndiye aliyemuuguza, ndiye anayejua mkahawa upi unataka kupogolewa. (Wengine mnaosoma, kihamba ni shamba la nyumbani, penye migomba na makaburi yetu. Tuendelee.) Dada alikuwa amesimama nyuma yako na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Ukasema, bila hata kugeuka, kwamba Mungu amempa kila kiumbe ngazi yake: malaika juu, mnyama chini, kitindamimba wa kiume (ndiye mimi) kihambani, na binti aliyeachika popote atakapositiriwa. Wazee wakaguna kukubali. Dada akaendelea kumimina. Niliutazama mkono wake. Haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Angesema mzee mwingine ningenyamaza. Lakini wewe? Wewe uliyenifundisha Pico?

Taa ya chemli, daftari lako la seminari lililoliwa na mende, mimi nasinzia. Ukanisimulia habari za Giovanni Pico, kijana wa Mirandola, Italia, ambaye mwaka 1486, akiwa na miaka 23, aliandika hoja 900 na kuwaalika wanazuoni waje Roma wabishane naye. Asiye na nauli angelipiwa. Ulicheka sana hapo kwenye nauli. Papa Innocent VIII akauzuia mdahalo, tume ikazikuta hoja 13 zina kasoro, kijana akakimbilia Ufaransa, akakamatwa huko mwaka 1488, mpaka Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, alipomwombea akaruhusiwa kukaa Florence. Lakini ulichokipenda si misukosuko hiyo. Ulipenda hotuba aliyoiandaa kufungulia mdahalo, ambayo hakupata kuitoa.

Mle Mungu amemaliza kuumba. Mbingu zimejaa, ardhi imejaa, kila kiumbe kimepewa pake. Ndipo anataka awepo mmoja wa kuitazama kazi yote na kuistaajabia, lakini hazina imekwisha: hakuna umbo lililobaki wala nafasi. Basi Adamu anawekwa katikati ya ulimwengu na kuambiwa kwamba hakupewa makao maalumu wala sura ya peke yake. Atachagua mwenyewe. Akitaka atashuka awe kama mnyama, akitaka atapanda kwenye mambo ya kimungu. Yaani Adamu ndiye kitindamimba wa uumbaji, aliyefika urithi umeshagawiwa wote. Hayo ya kitindamimba nimeyaongeza mimi, usinigombeze. Ila Pico naye kwao alikuwa wa mwisho.

Ngazi uliyowatajia wazee ilikuwapo vitabuni, na wasomi wengi wa zama zile waliiamini. Pico alichosema ni kwamba binadamu ndiye asiyepigiliwa misumari kwenye kipago chochote. Wewe uliwapa wazee ngazi, ukawaficha sentensi hiyo.

Niliondoka bila kuaga, ndiyo. Basi lilikuwa alfajiri, na ningebaki hadi chai ningesema maneno ambayo hata isale, jani letu la kuombea msamaha, isingeyafuta. Ukanitumia ujumbe kwamba nimelewa majivuno ya kina Pico, nimsome Montaigne, yule Mfaransa mwandishi wa insha. Nimemsoma. Katika ile insha yake ndefu ya kumtetea mwanateolojia Raymond Sebond anamcheka binadamu aliyelala kwenye tope la ulimwengu, mbali kabisa na mbingu, huku mawazoni amejipandisha juu ya mwezi. Anauliza, anapocheza na paka wake, nani anamfanya mwenzake kichezeo. Siku nikiwa nimechoka nampenda kuliko Pico. Lakini Baba Mdogo, Montaigne alitushusha wote, pamoja na wafalme na wanafalsafa. Hakuacha kikao cha wazee kikining'inia juu. Wewe ulimshusha mtu mmoja, naye alikuwa anakuhudumia.

Ukaandika pia kwamba katikati ndipo penye heshima, na katikati ya ukoo ni kihamba. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kwa elimu ya nyota ya wakati ule katikati ndipo chini kabisa, palipotuama kila kizito. Pico anasema Adamu aliwekwa hapo ili iwe rahisi kwake kutazama pande zote. Si kiti cha enzi. Tena kabla ya Pico kuzaliwa, mwaka 1440, Nicholas wa Cusa, aliyekuja kuwa kardinali, alishaandika kwamba ulimwengu hauna kitovu kamili na kwamba dunia nayo inakwenda. Kitabu cha Copernicus, kinachosema dunia hulizunguka jua, kilitoka baadaye, mwaka 1543. Bruno, mwanafalsafa aliyechomwa moto, simtaji, maana ulishasema kilichomchoma ni ubishi wake, na habari za Roma ya mwaka 1600 hatutazimaliza leo.

Nikushauri, japo mimi ni mwanao: huyo binti anayekusomea haya, mwache achague chuo. Usipomchagulia wewe, hatakuchukia. Mimi nilichagua, na sikumkimbia mtu. Bati za nyumba ya baba zilinunuliwa kwa mshahara wa Dar es Salaam. Dawa zake pia. Sikuwapo alipokata roho, nalo hilo mmenitupia machoni vya kutosha, kana kwamba kuwapo kwangu kungempa pumzi.

Baba alinieleza kitu ambacho wewe hukuwahi kunieleza. Ulikuwa unasoma falsafa babu alipofariki, ukaitwa urudi kwa kuwa wewe ndiye wa mwisho wa kiume. Ukarudi na sanduku la vitabu, ukalipandisha darini. Kama si sanduku lile mimi nisingemjua Pico wala Montaigne, na nakushukuru kwa hilo kila ninaposoma. Lakini deni la babu usinidai mimi, na riba usimtoze dada.

Unaniambia nisome na mwisho wa Pico: alimfuata Savonarola, mtawa mhubiri wa toba pale Florence, akaacha anasa, akafa mwaka 1494 akiwa na miaka 31, akazikwa kanisa la San Marco. Nimeusoma. Miaka michache kabla ya hapo sehemu yake ya milki ya Mirandola alimwachia Gianfrancesco, mtoto wa kaka yake, kwa bei ndogo. Kwa hesabu zetu Pico alikuwa baba mdogo wake. Na Gianfrancesco ndiye aliyeitoa ile hotuba kwa chapa mwaka 1496. Kwa hiyo hata kama alitubu, ardhi alikuwa ameshaiachia.

Ile karatasi ya ukoo uliyoniletea nitie sahihi bado ninayo, sijaigusa kwa kalamu. Andika nyingine yenye jina la dada. Desemba nikipanda Moshi nitaisaini mbele ya wazee walewale, na safari hii dada awe amekaa. Nitakuja na dawa ya magoti ya Mama Mdogo.

Mwanao.