Risala ya Umoja wa Wagonjwa na Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari na wauguzi mlioko meza kuu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto wa mstari wa mbele na chupa zenu za maji: tunawasalimu nyote.

Mheshimiwa, sisi ni watu ambao hatukuchaguana. Tumekutanishwa na herufi moja. Katika maelekezo ya vinasaba yanayouongoza mwili kutengeneza himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu, herufi moja imekosewa. Kwa kosa hilo chembe nyekundu ya damu, badala ya kuwa duara laini, hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mtoto hukesha akililia mifupa yake. Kila mzazi hapa ana kumbukumbu nyingine pia: miezi ya mwanzo mtoto alikuwa mzima, ananyonya, anacheka. Tulidhani tumenusurika. Kumbe mtoto mchanga bado anatumia himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo haina kosa hilo, na mwili huiacha kidogo kidogo. Tunaomba ulikumbuke hilo, tutalirudia.

Umetutaka tueleze seli shina ni nini. Ni seli ambayo bado haijashika kazi moja. Zilizo kwenye uloto, ndani ya mifupa, ndizo zinazozaa damu yetu yote. Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi, na wataalamu wengi waliziona seli hivyohivyo: ikishakuwa ngozi, ni ngozi. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walimkunja samaki aliyekwisha kukauka. Kwa jeni nne tu walizirudisha utotoni seli za panya, na mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2012 Yamanaka alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Gurdon wa Uingereza, aliyekuwa ameifungua njia hiyo kwa vyura miaka hamsini nyuma.

Faida yake kwa mgonjwa? Ni nadra daktari kukata mishipa ya fahamu ya mtu aliye hai ili aichunguze. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichukua seli za ngozi za bibi wa miaka 82 mwenye ugonjwa wa kurithi unaoua mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, wakazirudisha utotoni, kisha wakazikuza ziwe seli za fahamu zenye kosa lilelile la bibi huyo. Seli za moyo zikikuzwa hivyo hudunda zenyewe kwenye kisahani, bila mwili. Dawa zinaweza kujaribiwa kwanza pale, kabla ya kumfikia mtoto.

Upande wa tiba, Mheshimiwa, ndiko roho zetu ziliko. Kupandikizwa uloto wa mtu mwingine kunaponya, ila kwa kawaida lazima ulingane, na hata ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana nawe. Seli zako mwenyewe mwili hauzikatai. Shida ni kwamba zimebeba kosa, hivyo sharti zirekebishwe kwanza. Mwaka 2015, nchini Ujerumani, mvulana wa miaka 7 ambaye ngozi yake ilikuwa ikichubuka kwa kuguswa tu alikuwa mahututi. Kilichukuliwa kipande kidogo cha ngozi yake, seli zake zikapewa jeni nzima na kukuzwa Italia, na karibu asilimia 80 ya ngozi yake ikabadilishwa.

Kwetu sisi habari ilifika mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliporuhusu tiba iitwayo Casgevy. Haifuti ile herufi iliyokosewa. Inakata swichi inayozima himoglobini ya tumboni, na mwili unairudia ile ya miezi ya raha. Wenzetu waliotibiwa wanasimulia saa nyingi za kulala kando ya mashine inayochuja seli shina kutoka kwenye damu, miezi ya kusubiri maabara izirekebishe, kisha dawa kali inayosafisha uloto, ambayo hung'oa nywele na inaweza kuondoa uwezo wa kuzaa. Baada ya yote hayo unaletwa mfuko mdogo wa seli zako, nao huingia mshipani kama damu ya kuongezewa.

Hatujifanyi hatuoni hatari. Watoto wa kwanza waliotibiwa Paris kwa seli zao wenyewe zilizopewa jeni nzima kwa kubebwa na kirusi, waliozaliwa bila kinga ya mwili, wengi wao walipata kinga. Kisha baadhi yao wakapata saratani ya damu, kwa sababu kirusi hicho kilijipachika mahali pabaya kwenye vinasaba vyao. Ndiyo maana tunachukia kuona sindano za "seli shina" zikitangazwa kuponya kila kitu, kuanzia magoti hadi kisukari. Tunaomba sauti yako hapo.

Tunaomba pia jambo dogo linalotuuma. Mama mmoja kati yetu alitia saini karatasi ya kurasa saba, damu ya mwanawe ikaenda utafiti, na mpaka leo hajui ilionyesha nini. Alipouliza akaambiwa karatasi ilieleza yote. Ilieleza, kwa lugha asiyoijua. Seli ni za mtoto. Maelezo yasomwe kwa lugha ya mama yake, na majibu yarudi.

Bei ya Casgevy Marekani iliyotangazwa mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hatukuombi uilipe. Tunaomba, tukiwa tunaisubiri ishuke, vipimo vya watoto wachanga na vidonge vya haidroksiurea, vinavyopunguza vipindi vya maumivu, visikatike, maana mtoto wa kupewa tiba hiyo kesho ni lazima awe hai leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, watoto wameandaa wimbo, nao wametuonya tusirefushe. Tunaomba kuwasilisha.