Kwa Nini Niliondoka Mezani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia. Waniuliza ilikuwaje nikaacha chakula na kuondoka pale yule jamaa alipowaita wakimbizi panya, ilhali wengine walicheka tu na mazungumzo yakaendelea. Nakujibu kwa maandishi, kwa sababu siku ile ningesema kwa hasira.

Neno hilo nimekutana nalo katika historia ya Wayahudi wa Ujerumani. Hitler alipoingia madarakani Januari 1933, mauaji ya mamilioni hayakuanza kesho yake. Aprili mwaka huo Wayahudi walifukuzwa katika utumishi wa serikali. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg ziliwavua uraia. Na Agosti 1938 ikatoka amri ambayo hunisumbua sana, kwamba kuanzia Januari 1939 kila mwanamume wa Kiyahudi ambaye jina lake halimo katika orodha ya serikali ajiongezee jina la Israel, na kila mwanamke ajiongezee Sara. Hebu fikiria jina ulilorithi kwa bibi yako likitiwa nyongeza na karani asiyekujua, ili kila atakayeshika hati yako ajue mara moja kwamba wewe ni wa kudharauliwa. Mwaka 1940 ikaonyeshwa filamu ya propaganda iliyowafananisha na panya, na watu wakaketi wakaitazama.

Huko Auschwitz, kambi ya mauaji ya utawala wa Hitler walikouawa Wayahudi wapatao milioni moja, gesi iliyotumika ilikuwa Zyklon B, sumu iliyokuwa ikiuzwa kwa kuulia wadudu na panya. Waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi, wakiwemo wazee na watoto wadogo, hawakuandikishwa hata kwa namba. Kila nifikapo hapo hulazimika kufunga kitabu kwanza.

Na jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1994, walisikia redio ya RTLM ikiwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, huku mapanga yakifanya kazi vijijini.

Yule jamaa simhesabu kuwa muuaji, wala sitaki umchukie. Ninachojutia ni kwamba niliondoka kimya, bila kumweleza haya niliyokuandikia wewe. Ukionana naye kabla yangu, mwambie nitampitia Jumapili jioni, kwani nina maneno naye, na safari hii sitainuka kabla hatujamaliza kula.

Wako akupendaye daima.