Barua kwa Salim kuhusu maktaba ya wanachama

Belfast, Mei 14

Ndugu yangu Salim,

Assalamu alaikum. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako hapo Tanga mmeamua kuanzisha maktaba yenu wenyewe. Umeuliza kama maktaba inayoendeshwa kwa ada za wanachama ina faida yoyote kwa mtu asiye mwanachama. Nitakujibu kwa habari za Linen Hall, maktaba ninayoazima vitabu katika mji huu wa Belfast, Ireland ya Kaskazini.

Ilianzishwa mwaka 1788 na watu waliochangishana fedha ili wapate vitabu ambavyo hakuna hata mmoja wao angemudu kuvinunua peke yake. Kwa kweli huo ni upatu, ila kinachozunguka ni vitabu. Benjamin Franklin na wenzake walikwisha kufanya hivyo Philadelphia, Marekani, mwaka 1731, wanachama 50 wakitoa kiingilio cha shilingi 40 na ada ya shilingi 10 kila mwaka (za enzi hizo, ndugu yangu, si hizi zetu).

Lakini hazina kubwa ya Linen Hall haikununuliwa kwa ada. Mwaka 1968, vuguvugu la haki za raia lilipokuwa likipamba moto hapa Ireland ya Kaskazini, mkutubi Jimmy Vitty alipewa kipeperushi akiwa baa, na badala ya kukitupa akakiweka. Kuanzia hapo, katika miaka 30 ya machafuko yaliyoua watu zaidi ya 3,500, maktaba ilikusanya mabango, magazeti, vijitabu, beji na hata kadi za Krismasi za makundi yenye silaha, kutoka kwa waliotaka kuungana na Ireland na kwa waliotaka kubaki chini ya Uingereza, bila kubagua. Leo mkusanyiko huo una vitu zaidi ya 300,000, na mtafiti wa mgogoro ule hawezi kuupita. Sidhani kama ofisi ya serikali ingeweza kazi hiyo, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa upande mmojawapo wa ugomvi, na hakuna mpiganaji ambaye angeikabidhi karatasi zake. Maktaba ya wanachama iliaminiwa kwa kuwa haikuwa na bwana mmoja. Isitoshe, haikuwa ngeni kwa siasa: Thomas Russell, aliyekuwa mkutubi wake tangu 1794, alikamatwa mwaka 1796 kwa harakati za kimapinduzi, na mwaka 1803 akanyongwa.

Hata hivyo, usidhani kwamba uanachama ni jambo jema kwa lenyewe. Maktaba ya McMillan ya Nairobi, ambayo leo ni mali ya umma, ilifunguliwa mwaka 1931 ikiwa na nguzo za fahari na vitabu vizuri, lakini hadi 1958 Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kusoma humo. Ilikuwa maktaba, bila shaka, ila jamii iliyoizunguka haikuwa na chake ndani yake. Ndiyo maana hoja ya wenzako kwamba ada iwe kubwa ili kupata "watu wa maana" imenitia wasiwasi kuliko hoja ya uhaba wa vitabu.

Hapa mpita njia yeyote huingia, akaketi na kusoma bila malipo. Ada ni kwa anayetaka kuazima. Nakuomba kanuni hiyo iandikwe katika katiba yenu kabla hamjanunua hata rafu. Pili, anzeni sasa kuweka vipeperushi vya kampeni, ratiba za mechi, kadi za harusi, matangazo ya mihadhara na karatasi za taarab, kwa maana vitabu mtaweza kuvinunua hata mwakani, lakini karatasi hizo hufungiwa maandazi kabla ya wiki kwisha.

Nitumie rasimu ya katiba niisome. Wasalimie nyumbani, na umwambie Mama kwamba viungo vyake vimefika salama.

Wako,
Hamisi