Mheshimiwa Waziri wa Afya, wagonjwa hawa waandikwe

Mheshimiwa Waziri,

Mdogo wangu ana ugonjwa uitwao neurofibromatosis aina ya 2 (NF2): uvimbe pande zote mbili, kwenye neva zinazotoka sikio la ndani kwenda kwenye ubongo. Si saratani, ila unaweza kumwacha mtu kiziwi kabisa, na ukikua sana hubana shina la ubongo. Kwa muda mrefu alipewa matone, akasafishwa nta, akaambiwa ni baridi ya huku kwetu Moshi. Sikio moja likafa kabla hajafika kwenye MRI, kipimo cha picha za ndani ya kichwa.

Chanzo ni jeni ya NF2, iliyotambuliwa mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 22. Ikiharibika, mwili hukosa merlin, protini inayozuia seli zinazofunika neva zisizaliane ovyo. Karibu nusu ya wagonjwa hawakuurithi ugonjwa huu kwa yeyote. Hitilafu imeanzia kwao. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwenye ukoo, na hakuna mchawi wa kutafutwa.

Watafiti wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichukua kirusi kisicholeta ugonjwa, wakakibebesha jeni nzima ya NF2, wakakidunga moja kwa moja kwenye uvimbe wa panya. Uvimbe ukanywea. Panya si binadamu, na mdogo wangu sijamwahidi kitu. Lakini upasuaji na mionzi, tiba zilizopo leo, mara nyingi huondoka na usikivu uliobaki.

Siombi utuletee sindano hiyo kesho. Naomba daftari la wagonjwa. Uvimbe huu hukua polepole, kwa kawaida milimita moja au mbili kwa mwaka, na mwingine hukaa miaka bila kusogea. Siku ya majaribio, daktari atajuaje kwamba ni tiba iliyousimamisha, kama hakuna aliyekuwa akiupima? Asiye na vipimo vya nyuma ataachwa nje. Na kwa kuwa huzaliwa na ugonjwa huu takribani mtoto 1 kati ya 30,000, hakuna hospitali itakayowaona wa kutosha peke yake.

Hapa Moshi tuna KCMC, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na KCRI kwa utafiti. Waagize waanze wao, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikisimamia. Kila anayepoteza usikivu wa sikio moja bila sababu inayojulikana apimwe, apewe rufaa ya MRI, na Bima ya Afya kwa Wote ilipie. Ukubwa wa uvimbe na kiwango cha kusikia viandikwe, virudiwe kila mwaka.

Mdogo wangu amekubali kuwa wa kwanza kuandikwa.

Mkazi wa Kiboriloni, Moshi