Bomba la maji halilipuki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo moja la kurasa zenu za habari za nje, na siku hizi hata za ndani, kwa kuwa taarifa nyingi zinafika mezani kwenu zikiwa kwa Kiingereza. Ni neno burst. Kwenu karibu kila mara linatoka likiwa "kulipuka": bomba la maji limelipuka, tairi limelipuka, mgonjwa amelipuka kidole tumbo, mama aliyeshinda kesi amelipuka kwa machozi.

Kulipuka tayari lina kazi nyingi. Ni la baruti, bomu, mtungi wa gesi na volkano. Moto nao hulipuka. Watu wa afya wakaliongeza kwenye maradhi, na leo mlipuko wa kipindupindu ni lugha ya kila mtu. Hapo bado hatujafika mtaani, ambako kulipua kazi ni kuifanya ovyo ovyo. Sasa gazeti likiandika kwa herufi kubwa "Mlipuko Temeke, wakazi wahaha", mkazi wa Temeke hajui kama akimbie, achemshe maji ya kunywa, au atafute madumu kwa sababu bomba kuu limepasuka na maji hayatatoka mpaka kesho. Kichwa cha habari kisichomwambia mtu afanye nini kati ya hayo matatu kimemnyima alichonunulia gazeti.

Maana ya msingi ya burst haina moto wala baruti. Kuna kitu chenye ganda, ngozi au ukuta. Kilichomo ndani kinasukuma. Ukuta unazidiwa na kuachia ghafla. Hiyo kwetu ni kupasuka. Puto, bomba, tairi, lengelenge, mshipa wa damu, chupa ya mama anayekaribia kujifungua: vyote hupasuka. Jipu peke yake tumelipa kitenzi chake, hutumbuka. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, afadhali useme imetoboka, maana ndivyo daktari anavyoiona. Kidole tumbo kinapasuka, na usaha ukienea tumboni mgonjwa yuko hatarini kufa. Mwandishi akisema kimelipuka, ndugu wa mgonjwa atacheka au ataogopa kitu kisichokuwepo. Kiharusi nacho kina sura mbili, mshipa kuziba na mshipa kupasuka, na matibabu yake ni tofauti kabisa: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda anayopewa wa kwanza inaweza kumuua wa pili. Hapo kosa la kitenzi si dogo.

Mbali na maana, sarufi yake inawakwaza wengi. Burst haibadiliki umbo. Wakati uliopita ni burst, hali timilifu ni burst, na ukiliweka mbele ya jina linakuwa kivumishi, bado ni burst. Zamani za kale halikuwa hivyo: Kiingereza cha kale kilikuwa na berstan, na wakati uliopita ulitofautiana umoja na wingi, bærst na burston. Yote yakamezwa na umbo moja. Kwa hiyo mfasiri akiona "burst pipes leave homes dry" asome upya kabla ya kuandika. Hakuna anayeamriwa kupasua mabomba, ni mabomba yaliyopasuka yaliyosababisha nyumba kukosa maji. Penye s mwishoni, ama ni kitenzi cha wakati uliopo au ni jina katika wingi. Penye has au had mbele yake, jambo limekwisha kutokea. Bust nalo ni burst lililodondosha r huko Marekani, lakini limejitenga: kwenye habari za dawa za kulevya maana yake ni msako na watu kukamatwa, wala hakuna kilichopasuka.

Kivumishi hicho ndicho kinacholeta hatari kubwa katika habari za ajali. Taarifa ikisema basi lilikutwa limepinduka "with a burst tyre", Kiingereza kimesema tu kwamba tairi lilikuwa limepasuka. Hakijasema lilipasuka lini. Mwandishi anayegeuza kuwa "tairi lilipasuka na basi likapinduka" ameshatoa hukumu ya chanzo cha ajali, na pengine amemwondolea lawama dereva aliyekuwa akikimbiza gari, kwa maana tairi hupasuka pia gari linapoburuzika na kugonga jiwe. Andika "basi lilikutwa limepinduka, tairi moja likiwa limepasuka", uwaachie wakaguzi kazi yao. Pancha nayo ni habari nyingine: msumari umeingia, upepo unatoka polepole, dereva ana nafasi ya kuegesha. Kupasuka ni kwa ghafla, na mara nyingi chanzo chake ni upepo mdogo. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavuni kila linapozunguka, ubavu unapata joto, na safari ndefu juani yenye mzigo mzito inaumalizia. Wengi wanaamini ni upepo mwingi ndio unaopasua, na gazeti linaloandika tairi "lililipuka kwa joto" bila maelezo linawaacha na imani hiyo hiyo. Kuna madereva wanaopunguza upepo asubuhi kabla ya safari wakidhani wanajikinga.

Niende kwenye maji, ambako burst lina sura tatu na kila moja inataka maneno yake. Kiingereza kikisema mto "burst its banks", mara nyingi kinamaanisha umefurika tu, maji yamepanda na kupita juu ya kingo ambazo zenyewe zimebaki pale pale. Mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam ukifurika pale Jangwani, barabara inafungwa na maji yakipungua inafunguliwa. Ukiandika umevunja kingo, mhandisi anaelewa kwamba ukingo umeliwa na mto unaweza kuhama njia. Usemi wa kuvunja kingo umezoeleka na sitaki kuufuta, ila pale ambapo ukingo haujavunjika kweli, "umefurika" linatosha na lina ukweli zaidi.

Bwawa ni kitu kingine. Sisi neno bwawa tunalitumia kwa maji yaliyokusanyika na pia kwa ukuta unaoyazuia, basi "bwawa limepasuka" linaacha shaka. Taja kilichoachia. Usiku wa Mei 9, 2018 huko Solai, kaunti ya Nakuru, tuta la bwawa la shambani lilibomoka na zaidi ya watu 40 wakafa. Kubomoka ndilo neno lake, maana tuta la udongo halipasuki kama puto. Linaliwa. Maji yakipita juu yake yanachota udongo wa upande wa nje, mfereji mdogo unapanuka, na muda si mrefu tuta zima limeondoka. Au maji yanajipenyeza ndani ya tuta na kutoboa njia kutokea chini, na dalili yake ni maji yenye tope kuchuruzika upande usiotakiwa kuwa na maji. Wanaoishi chini ya mabwawa ya namna hii wanahitaji kuzijua dalili hizo, na neno "lililipuka" linawaambia kwamba jambo lilitokea mara moja, hakuna ambacho mtu angeona.

Halafu kuna maji yaliyokuja kwa ghafla bila bwawa. Alfajiri ya Aprili 29, 2024 maji yalisomba nyumba na watu karibu na Mai Mahiu, Kenya. Taarifa za kwanza za Kiingereza zilisema bwawa limepasuka, zikalitaja na jina. Baadaye Wizara ya Maji ya nchi hiyo ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, kwa sababu njia ya maji iliyopita chini ya tuta hilo ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na magogo. Magazeti ya Kiswahili yaliyokuwa yameshaandika "bwawa lapasuka" yalirithi kosa la wengine. Siku kama ile mwandishi anayeandika alichokiona, yaani maji ya ghafla yamesomba kijiji, hana cha kusahihisha kesho yake.

Kwenye moto, maneno "burst into flames" yana maana ya kushika moto ghafla tu. Basi lililoshika moto kwenye injini halijalipuka. Tofauti hii tumeilipia kwa roho za watu. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja kuchota, kisha moto ukawaka na kuua zaidi ya 100. Mtaa wa Sinai, Nairobi, Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni, watu wakachota, moto ukafuata. Mpangilio wa matukio ndio somo lote: kupinduka au kuvuja, kisha muda wa kuchota, kisha moto. Ukiandika "lori lalipuka na kuua" umeufuta ule muda wa katikati, ambao ndio watu wangeutumia kuondoka.

Wanaoandika mambo ya anga wanakutana na burst la tatu, lisilo na ganda wala moto, lenye maana ya kitu kingi kinachokuja kwa muda mfupi na kukoma. Idara ya hali ya hewa ya India inaita cloudburst mvua inayofikia milimita 100 kwa saa moja katika eneo la kilomita za mraba 20 hadi 30 hivi. Hizo ni lita 100 kwa kila mita ya mraba, ndani ya saa moja, na mlimani zote zinakimbilia bonde moja. Hakuna wingu lililopasuka. Maafa ya mafuriko ya Leh, Ladakh, nchini India, Agosti 2010 yaliandikwa hivyo, na "mlipuko wa wingu" nililoliona gazetini halimwambii kitu mkulima wa Rungwe wala wa Lushoto, ambaye "mvua kubwa ya ghafla" angeielewa papo hapo na kuangalia mteremko ulio nyuma ya nyumba yake. Vivyo hivyo gamma-ray burst, mng'ao wa ghafla wa miale ya gama kutoka anga za mbali. Setilaiti za Vela, ambazo Marekani ilizirusha kuchunguza majaribio ya nyuklia, zilinasa ule wa kwanza Julai 2, 1967, na habari zake zikachapishwa 1973. Chombo cha kupimia kinaona mng'ao wa miale unaodumu chini ya sekunde mbili au dakika kadhaa. Napendekeza "mmweko wa miale ya gama". Nyota iliyoporomoka, au mbili zilizogongana, huko mbali ndiko kwenye mlipuko, na mkiyatenganisha haya mawili habari inasomeka.

Risasi ziko katika kundi hili hili. Bunduki kama M16A2 ina mpangilio ambao kidole kikivuta mara moja zinatoka risasi tatu. Mahakamani, risasi tatu kwa mkupuo mmoja ni kitendo kimoja cha kidole. Risasi tatu mojamoja ni maamuzi matatu. "Kumimina risasi" lisitumike ila pale zilipomiminwa kweli.

Kwa hisia, Kiswahili kimejaa maneno na inasikitisha kuona tunakopa. Mtu huangua kicheko, huangua kilio, hububujikwa na machozi. Hapa hata kupasuka tunalo la kwetu: mtu hupasuka kwa hasira. Anayeingia chumbani kwa nguvu bila hodi amejitoma ndani. Aliyeyaingilia mazungumzo ya wenzake ameyadakia. Mwenye siri inayomsumbua, mdomo unamwasha. Aliyebanwa na haja, amebanwa, basi. Uwanja uliojaa umefurika pomoni, makofi yamerindima, mshambuliaji amechomoka, mti umechanua, jua limechomoza. Mtego mmoja wa kuutazama: "bursting with pride" lisiwe "kuvimba kwa majivuno", kwa kuwa kwetu anayevimba anasemwa vibaya, na mzazi aliyesifiwa kwa Kiingereza atajikuta ametukanwa kwa Kiswahili. Ameona fahari, kifua mbele.

Najua mhariri wa usiku hana dakika ya kukaa na kamusi. Maswali matatu yanamtosha. Kuna kitu chenye ukuta kilichojaa? Kimepasuka, kimetumbuka au kimebomoka, kutegemea ni kitu gani. Kuna moto au baruti? Kama ndiyo, ulianza lini, kabla au baada? Kama hakuna ukuta wala moto, ni kitu kingi cha muda mfupi: ghafla, mfululizo, mkupuo, mmweko. Na likifuatwa na into, out, in au with, asilitafsiri peke yake, atafute kitenzi cha tendo zima.

Na kwa wale wanaosema nafasi ya kichwa cha habari ni finyu: "lapasuka" na "lalipuka" yote yana herufi nane.

Mfasiri wa habari,
Dar es Salaam