Mistari ya juu ya CV mnaiharibu wenyewe

Mhariri, naomba kanafasi. Mimi nina steshenari hapa Ubungo, naprinti CV za vijana kila siku na karibu zote zinaanza vilevile, "mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya presha", yaani nishazikariri, juzi mmoja kaleta ya kuombea udereva, pale juu kabisa imeandikwa anataka kukuza taaluma yake ya uhasibu, kumbe kakopi ya mshkaji wake hata hajaisoma!

Nikamwambia mdogo wangu hebu vuta kiti. Leseni yako daraja gani? E. Umeendesha nini? Fuso, miaka 4, Dar mpaka Mbeya, mzigo haujawahi kupotea. Sasa si ndo hayo yaandikwe jamani, mistari 3 inatosha, unamalizia na kazi unayoomba kwa jina lilelile la kwenye tangazo, na ukiomba kwingine unabadilisha, sio ileile unaisambaza mji mzima. Mambo ya dini na "napenda kuangalia mpira" pale juu ya nini?

Alilipa kopi 2 akaondoka, bado namsubiri aniambie kama wamempigia.

Msomaji wenu, Ubungo