Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na suala la ada lina ajenda yake. Mimi nitazungumzia kilichotusumbua zaidi mwaka huu: magonjwa ya utumbo ya samaki wetu.

Malalamiko yanayofika kwenye kamati yanafanana. Samaki anasusa chakula, tumbo linavimba, na kinyesi kinaning'inia kama uzi mweupe. Ukimpasua unakuta utumbo mwekundu, ndani majimaji ya njano tu. Hapo mfugaji anakimbilia antibayotiki. Kamati haiungi mkono pupa hiyo.

Aeromonas hydrophila, bakteria anayelaumiwa mara nyingi, huishi majini siku zote, na hupatikana hata kwenye utumbo wa samaki mwenye afya. Hushambulia samaki akishadhoofika: oksijeni imepungua, amonia imepanda, bwawa limejaa kupita kiasi, au vifaranga wamehamishwa ovyo. Ukitia dawa na maji yakabaki yaleyale, ugonjwa hurudi, na huenda ukarudi na vijidudu sugu. Isitoshe, dawa haichagui. Ndani ya sato yumo bakteria Cetobacterium somerae, anayetengeneza vitamini B12, na ndiyo maana kwa kawaida sato hahitaji kuongezewa vitamini hiyo kwenye chakula. Huyo naye tunamuua, kibarua asiyedai ujira.

Chakula nacho kina lake. Kwa salmoni, soya nyingi huvimbisha sehemu ya mwisho ya utumbo na kufupisha mikunjo yake. Kupika soya hupunguza vizuizi vya tripsini, yaani vitu vinavyozuia kimeng'enya cha kusaga protini, lakini saponini, kemikali za asili za soya zinazohusishwa sana na uvimbe huo, hustahimili moto. Sato na kambale huivumilia soya kuliko salmoni; hiyo si ruhusa ya kuijaza tu kwa sababu ni rahisi. Chakula chenye ukungu sikijadili, sote tunajua kinakostahili kwenda.

Bakteria rafiki wa dukani, kama Bacillus subtilis, wanaweza kusaidia, ila wengi hawakai utumboni muda mrefu. Ukiacha kuwalisha, hutoweka. Bwawa chafu hawalisafishii mtu.

Kwa hiyo, anayeona kinyesi cheupe apunguze chakula, apime oksijeni alfajiri, kisha alete samaki mgonjwa akiwa hai, au aliyekufa muda huohuo akiwa kwenye barafu. Aliyeoza hatumpokei: bakteria wa utumbo husambaa mwilini baada ya kifo, na majibu hupotosha. Dawa itatolewa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, baada ya maabara kuonyesha ipi inafanya kazi. Fomu za sampuli ziko kwa katibu.